Kipunji wa Rungwe, Mifupa ya Songwe na Amana ya Binadamu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa madrasa, wazazi na vijana wa mikoa ya Mbeya na Iringa)

 

 

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya wanyama wa jamii ya nyani, tabia zao, na yale yanayosemwa na wataalamu kuhusu uhusiano wao na chimbuko la binadamu. Kabla sijaingia katika maudhui, ni wajibu wangu nikiri jambo. Mimi nina deni, na hotuba hii ni njia yangu ya kulilipa.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya darsa ya jioni, alinijia kijana mmoja wa kidato cha nne. Alikuwa kijana wa swala tano, mwenye kuhifadhi, na aliyependwa na kila mzee wa msikiti wetu. Akaniambia: "Ustadhi, katika mtihani wa Biolojia huulizwa ushahidi wa mageuko ya viumbe. Nikiandika niliyofundishwa, je, nitakuwa nimekufuru?" Mimi sikumjibu. Nilimkaripia mbele ya wenzake, nikamwambia kuwa hayo ni maneno ya makafiri na asiyalete msikitini. Wenzake wakacheka. Wakamwita mtoto wa nyani. Tangu siku ile hakurudi katika darsa yangu, na baadaye hakurudi msikitini.

Ndugu zangu, kijana yule hakuja kuitukana dini. Alikuja kuiuliza dini. Aliyemfukuza ni mimi, na nilimfukuza kwa sababu sikuwa na jibu na niliona haya kusema sijui. Kwa hiyo haya nitakayoyasema leo ndiyo niliyopaswa kumwambia yeye.

MNYAMA ALIYEJULIKANA NA WENYEJI

Tuanze hapa hapa nyumbani. Mlima Rungwe mnaujua, na wengi wenu mmezaliwa mkiuona. Mwanzoni mwa mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi wa wanyamapori, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakipita katika vijiji vinavyouzunguka mlima huo wakiuliza habari za uwindaji. Wawindaji wa Kinyakyusa wakawatajia mnyama mwenye haya, akaaye juu ya miti mirefu, aitwaye kipunji. Watafiti wakasita. Katika masimulizi ya Wanyakyusa wamo wanyama wa kweli na wamo pia wasioonekana ila katika hadithi, nao hawakujua kipunji yumo katika fungu lipi.

Hawakukanusha, wala hawakukubali papo hapo. Waliingia msituni. Mwishoni mwa mwaka 2003 walimwona wazi wazi: kima mkubwa mwenye manyoya marefu ya rangi ya kahawia na kijivu, uso mweusi, kishungi cha nywele utosini, na ncha ya mkia iliyokaribia weupe. Manyoya yake ni marefu kwa kuwa huishi penye baridi, hadi mita 2,450 juu ya usawa wa bahari. Sauti yake nayo ni ya pekee, ni mlio mzito wa chini unaofanana na mbweko.

Mwezi Julai 2004 mtafiti mwingine, Trevor Jones, akamwona mnyama huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, mkoani Iringa, umbali wa kilomita 350 hivi kutoka Rungwe. Pande hizo mbili zikaunganisha habari zao, na mwezi Mei 2005 zikatangaza katika jarida la Science kwamba amepatikana kima ambaye elimu ya wanyama haikuwa imemsajili.

Mwanzoni walimweka katika ukoo wa kima wajulikanao kwa jina la Lophocebus, kwa kuwa umbo lake lilifanana nao. Hawakuwa na mzoga wala mfupa, walikuwa na picha tu. Kisha mwezi Agosti 2005 kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima, ndani ya shamba la mahindi karibu na Rungwe. Walipouchunguza mwili wake pamoja na chembe zake za urithi, waliona kuwa jamaa zake wa karibu zaidi ni nyani wa mbugani, wala si wale waliodhaniwa. Mwaka 2006 wakayasahihisha maandishi yao hadharani na kumpa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, yaani kima wa Rungwe. Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu mwaka 1923 kwa jenasi mpya ya kima aliye hai kutajwa katika Afrika.

Katika habari hii mna mafunzo mawili ambayo Mwislamu angepaswa kuyajua kabla ya mtu mwingine yeyote. La kwanza ni kuhakikisha. Qur'ani Tukufu, katika sura ya Al-Hujurat aya ya 6, imetuamrisha kuipeleleza habari kabla ya kuitendea kazi, na katika sura ya Al-Israa aya ya 36 imetukataza kufuata tusilo na elimu nalo. La pili ni kukubali kukosolewa. Wataalamu wale walikosea jina, ushahidi ulipokuja wakalibadilisha, wala heshima yao haikupungua. Sisi mara ngapi tumeng'ang'ania neno kwa sababu tu tulikwisha kulitamka juu ya mimbari?

MIFUPA YA SONGWE NA MAWE YA ISIMILA

Sasa tuteremke kutoka Rungwe twende upande wa magharibi, katika bonde la ufa la Rukwa, eneo lililokuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya kabla ya mkoa wa Songwe kuanzishwa mwaka 2016. Katika miamba ya Nsungwe watafiti walioongozwa na Nancy Stevens walipata vipande viwili vya mataya. Habari zake zilichapishwa mwezi Mei 2013. Kipande kimoja ni cha mnyama wa upande wa masokwe, wakamwita Rukwapithecus. Kingine, chenye jino moja tu, ni cha mnyama wa upande wa kima na nyani, wakamwita Nsungwepithecus. Umri wa miamba hiyo ulipimwa ukaonekana kuwa ni miaka milioni 25.2. Vilipotangazwa, vipande hivyo vilikuwa ndio ushahidi wa kale kuliko wote wa koo hizo mbili kuwa zimekwisha kutengana.

Upande wa Iringa nako, kilomita 20 hivi kutoka mjini, liko korongo la Isimila. Vijana wengi wamepelekwa huko na shule zao. Humo yamelala mashoka ya mawe yaliyochongwa pande mbili kwa ustadi, na umri wake hukadiriwa kuwa ni zaidi ya miaka 200,000. Aliyeyachonga alikuwa na mkono kama wetu na akili ya kupanga kazi kabla ya kuianza.

Mambo haya hayakuandikwa na maadui wa dini ili kuwapotosha watoto wetu. Yamo ardhini mwetu. Mwenye shaka apande basi akaangalie. Na Mwenyezi Mungu, katika sura ya Al-Ankabut aya ya 20, ameamrisha watu watembee katika ardhi watazame namna alivyoanzisha uumbaji. Amri hiyo haikusema watu wakae majumbani wakabishane.

JE, BINADAMU NI MTOTO WA NYANI?

Hili ndilo swali linalowachoma vijana, nami nitalijibu kwa kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

Jambo la kwanza ni kile kinachoonekana. Mifupa imeonekana. Chembe za urithi za binadamu na za sokwe zimelinganishwa, na mwaka 2005 ilichapishwa ramani ya chembe za sokwe ikaonyesha kwamba katika sehemu zinazoweza kulinganishwa tunafanana kwa kiasi cha asilimia 98 hadi 99. Huu ni ushuhuda wa macho na vipimo. Mwislamu haruhusiwi kukanusha kinachoonekana.

Jambo la pili ni maelezo yanayoviunganisha hivyo vinavyoonekana, nayo ndiyo nadharia ya mageuko. Hapa tuseme kweli, maana kusema uongo kwa ajili ya dini ni kuidhulumu dini. Nadharia hiyo haisemi kuwa binadamu amezaliwa na nyani huyu tumwonaye akiiba mahindi. Inasema kuwa koo zilizopo leo zimetokana na asili za kale, na kwamba ukoo wa binadamu na ukoo wa sokwe zilitengana miaka milioni 6 au zaidi iliyopita. Wala neno nadharia katika elimu hii halina maana ya kubahatisha. Ni maelezo yaliyojaribiwa kwa muda mrefu, na ndiyo msingi wa masomo ya viumbe ulimwenguni kote. Mwenye kuyapinga na ayapinge kwa elimu. Kejeli si hoja.

Jambo la tatu ni dai kwamba kwa kuwa tumejua hatua za kuumbwa viumbe, basi hakuna Muumba. Hili si la elimu ya viumbe hata kidogo. Hakuna taya lililofukuliwa Songwe likasema maneno hayo. Ni itikadi ya baadhi ya watu, nao wameivika kanzu ya sayansi ili ipite mlangoni. Dai hilo tunalikataa kwa uwazi, na tunalikataa kwa hoja.

Hoja yenyewe iko wazi kwa kila mama aliyeketi hapa. Kila mmoja wetu anaamini kuwa ameumbwa na Mwenyezi Mungu. Lakini kila mmoja wetu anajua pia kuwa alikaa tumboni miezi tisa, akatoka katika tone akawa pande la damu, akawa pande la nyama, kisha mifupa, na mifupa ikavishwa nyama. Qur'ani yenyewe imezitaja hatua hizo katika sura ya Al-Muuminun. Mkunga anazijua hatua hizo kwa vidole vyake. Je, kuna mkunga aliyeacha kuswali kwa sababu amejua mtoto hakui kwa siku moja? Basi ikiwa kuumbwa kwangu mimi kwa hatua za miezi tisa hakukumwondoa Muumba wangu, itakuwaje hatua za miaka mamilioni zimwondoe Yeye ambaye muda si mzigo Kwake? Katika sura ya Nuh aya ya 14 tumekumbushwa kuwa ametuumba hatua kwa hatua.

Wanazuoni wetu wametofautiana kuhusu namna alivyoumbwa baba yetu Adam (a.s.). Wako wanaoona kuwa kuumbwa kwake kulikuwa ni tukio la pekee lisilopitia katika njia ya viumbe wengine, nao ndio wengi. Wako wanaoona kuwa mwili wa binadamu ulipitishwa katika hatua mpaka ukawa tayari kubeba roho na amri. Mimi nafsi yangu naielekea kauli hii ya pili, lakini simtoi katika Uislamu ndugu yangu wa kauli ya kwanza, wala yeye asinitoe. Wote wawili wamekubaliana katika lililo kubwa: kwamba binadamu amekirimiwa, amepewa amana, na ataulizwa.

Wala fikra hii haikuanzia Ulaya. Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis na kufa akiwa kadhi mjini Cairo, aliandika mnamo mwaka 1377 kuwa viumbe vimepangwa daraja kwa daraja, madini, kisha mimea, kisha wanyama, na kwamba daraja ya nyani na kima inapakana na daraja ya binadamu mwenye kufikiri. Hatusemi kuwa alifundisha yale aliyoyafundisha Charles Darwin mwaka 1859, kwani huko kutakuwa ni kujipamba kwa uongo. Tunasema kuwa hakuogopa kutazama, na hakuna aliyemfukuza msikitini.

Na hapa niondoe kosa jingine lililoenea mitaani. Wako wasemao kuwa nyani wa leo ni kizazi cha watu walioasi wakageuzwa, kama ilivyotajwa katika Qur'ani habari ya watu wa Sabato. Mtume (s.a.w.) aliulizwa jambo hili hili, na katika Sahihi ya Muslim imepokewa kuwa alijibu kwamba waliogeuzwa hawakuachiwa kizazi, na kwamba nyani na nguruwe walikuwepo kabla ya hapo. Mfasiri wa zama za tabiina, Mujahid, alikwenda mbali zaidi akaona kuwa kilichogeuzwa ni nyoyo zao. Kwa hiyo asitokee mtu kumpiga mawe kima akidhani anampiga mwasi.

TABIA ZAO NA NAFSI ZETU

Katika sura ya Al-An'am aya ya 38 Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa wanyama watembeao na ndege warukao ni umma mfano wetu. Wengi wetu tumeisoma aya hiyo tukaipita. Watafiti wamekaa miaka mingi vichakani, na waliyoyaona ni sherehe ya aya hiyo, wajue au wasijue.

Huko Amboseli, nchini Kenya, watafiti walichapisha mwaka 1980 habari za tumbili. Tumbili ana mlio wake wa kuonya juu ya chui, mwingine wa tai, na mwingine wa nyoka. Wenzake wakisikia wa chui hupanda mtini, wakisikia wa tai hutazama juu au hujificha kichakani, wakisikia wa nyoka husimama kwa miguu miwili na kuchungulia majanini. Mtoto wa tumbili hukosea, hupiga mlio wa tai hata kwa jani linaloanguka, na kwa kukua miongoni mwa wakubwa hujifunza. Basi hata tumbili humvumilia mtoto anayekosea mpaka ajue.

Huko huko Amboseli wamefuatiliwa nyani wa manjano, jinsi moja na hawa tuwaonao Ruaha na Mikumi, tangu mwaka 1971. Mwaka 2003 ilichapishwa natija kwamba majike wenye kuchanganyika na wenzao, wakakaa karibu nao na kupekuana manyoya, watoto wao huishi kwa wingi zaidi kuliko watoto wa majike wapweke. Sisi tumeamrishwa kuunga udugu. Nyani hana kitabu, lakini kuunga udugu ndiko kunakomwokolea mtoto wake.

Na katika hifadhi ya Gombe, mkoani Kigoma, Jane Goodall alianza kuwatazama sokwe mwaka 1960, kazi aliyoihangaikia hadi kufariki kwake mwezi Oktoba 2025. Aliona sokwe akichukua kijiti, akakisafisha majani na kuchokolea mchwa kichuguuni, wakati watu wakidhani kuwa ni binadamu peke yake atengenezaye zana. Mwaka 1972 alikufa sokwe jike aliyeitwa Flo. Mwanawe Flint aliacha kula, akajikunyata karibu na mahali alipokufa mama yake, na haukupita mwezi naye akafa.

Lakini aliona na mengine. Kundi moja la sokwe wa Gombe liligawanyika, na kati ya mwaka 1974 na 1978 madume wa upande mmoja wakawavizia wenzao mmoja mmoja, watu tuseme waliokua pamoja, mpaka madume wote wa upande wa pili wakamalizika.

Mzazi anayesikia haya huenda akauliza: basi tofauti yetu na wao ni ipi? Kupenda mtoto wanako. Kuonyana wanako. Zana wanazo. Vita navyo wanavyo.

Tofauti, ndugu zangu, ni kwamba sokwe wa Gombe hawataitwa kuulizwa juu ya damu waliyoimwaga kama tutakavyoitwa sisi. Katika sura ya Al-Ahzab aya ya 72 tumeambiwa kuwa amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vikaogopa kuibeba, na binadamu akaibeba. Heshima yetu haikuwekwa katika umbo la taya wala katika wingi wa ubongo, hata tuogope kila mfupa unaofukuliwa. Imewekwa katika kuweza kuizuia nafsi inapotaka, na kuulizwa kwa nini hatukuizuia. Anayewavizia jirani zake kwa sababu ya mpaka wa shamba au ya kabila, akawa na akili na Kitabu, huyo ameshuka chini ya mnyama, kwa maana mnyama hakuahidi kitu.

KIPUNJI NI MTIHANI WETU

Sasa turudi Rungwe, kwa sababu amana si neno la kutamkwa tu. Mwaka 2008 ilichapishwa hesabu ya kipunji wote duniani: walikuwa 1,117. Kati yao 1,042 walikuwa katika misitu ya Rungwe na Livingstone, na 75 tu Ndundulu. Tafakarini hesabu hiyo. Msikiti mmoja mkubwa siku ya Ijumaa una watu wengi kuliko umma mzima wa kiumbe hiki. Na hakuna mahali pengine popote chini ya jua anapopatikana.

Waliokuwa wakimmaliza si shetani wala wageni. Ni sisi: shoka la mbao, tanuri la mkaa, mbwa wa kuwindia, na mtego wa waya pembezoni mwa shamba la mahindi.

Habari njema ni kuwa watu walipoamua, mambo yalibadilika. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, iliuingiza ndani yake msitu wa Livingstone. Msitu wa Mlima Rungwe ukapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Katika ukanda mwembamba wa Bujingijila, unaounganisha misitu hiyo miwili, miti ilipandwa upya. Hesabu za baadaye zilionyesha kuwa kipunji wa upande huu wameongezeka kwa zaidi ya nusu, na katika orodha ya kimataifa ameshushwa kutoka daraja ya walio ukingoni kabisa mwa kutoweka hadi daraja ya walio hatarini. Bado yuko hatarini, lakini tumeona kuwa toba ya watu huleta matunda hata msituni.

Mkulima atasema: Ustadhi, wewe hulimi, hujui uchungu wa kukuta gunzi tupu. Nami namjibu kuwa haki ya mkulima ni haki, na kulinda shamba si dhambi. Lakini mtego wa waya hauchagui, humnasa mama na mtoto mgongoni. Abu Daud amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipomwona ndege akihangaika kwa kunyang'anywa makinda yake, aliamuru yarudishwe. Tumefundishwa pia kuwa mwanamke aliadhibiwa kwa ajili ya paka, na kwamba mti aupandao Mwislamu, akila humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka yake. Basi pawe na zamu ya ulinzi wa pamoja wakati wa mahindi mabichi, ili mzigo usimwelemee mmoja. Mwenye shamba linalogusa msitu apande huko mpakani zao lisilomvutia kima, kama chai, ambayo wakulima wa Rungwe wanaijua vizuri. Kenya ilianza kupanda mikanda ya chai kuizunguka misitu yake tangu mwaka 1986.

Na tusidhani kuwa tunamfanyia kipunji hisani. Msitu anaoulinda kwa kueneza mbegu za matunda alayo ndio unaotupa maji. Mto Kiwira hutoka Rungwe ukaenda Ziwa Nyasa. Milima ya Udzungwa ndiyo iupatiao maji mto Kihansi, unaozalisha umeme uwakao hata katika misikiti yetu. Mizani aliyoitaja Mwenyezi Mungu katika sura ya Ar-Rahman haiko mbinguni tu.

TUNAYOPASWA KUYATENDA

Kwanza, kila mwalimu wa madrasa aliyepo hapa aazimie kuwa hatamkaripia tena mtoto anayeuliza. Asipojua aseme sijui, kisha aende akatafute. Imamu Malik, pamoja na ukubwa wake, alijulikana kwa kusema hajui.

Pili, tuwaalike walimu wetu wa Biolojia waje wazungumze na vijana mbele ya masheikh, swali na jibu, bila mzaha.

Tatu, kila msikiti ulio karibu na msitu uwe na siku ya kupanda miti ya asili, na khutba moja kwa mwaka iwe juu ya haki za viumbe.

Ama kijana wangu, popote ulipo, ikiwa gazeti hili litakufikia, jibu lako ni hili. Andika katika mtihani wako ulichofundishwa, ukiandike kwa ukweli na kwa ufahamu, wala hujakufuru. Kisha simama uswali, ukijua kuwa Aliyekuumba kwa hatua nyingi anakutazama katika hatua hii uliyopo. Hukukosea kuuliza. Niliyekosea ni mimi, nami naomba radhi kwako mbele ya hadhara hii kabla sijaulizwa mahali pasipo na pa kujificha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, atupe macho ya kuona ishara Zake katika misitu yetu na katika nafsi zetu, awarejeshe vijana wetu waliotukimbia kwa ukali wetu, na atuwezeshe kuitekeleza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.